Kengele ya Maji kwa Karte ya Waridi

Buyenzi, 2 Machi 2025

Dada Waridi,

Leo mi nikipiga chafya, kartye tatu za Bujumbura zinabeba ndoo. Usicheke. Buyenzi yote, nusu ya Musaga, na hata Kinanira kule juu kwa watu wa mageti, wote wanalala na mi chini ya mto. Nasema kengele yangu, usianze kumpigia Mama.

Ulipoondoka Buja nilikuwa Ilias wa kubadilisha vioo vya telefone. Sasa ivi nikipita avenii ya saba, mafundi wanaacha nyundo hewani: "Injenyeri! Injenyeri, umeamkaje?" Injenyeri, dada! Mi niliyeacha shule kabla shule haijaniacha.

Nikueleze, kwa sababu huko Liège mnafungua robine na maji yanatii. Hapa maji yanakuja yanapotaka. Uko msikitini, yanakuja. Ukirudi yamekwenda, umebaki na bidoni kavu. Basi nikatengeneza programu, jina lake Yamefika. Wa kwanza kusikia robine inakohoa anabonyeza, na telefone zote za mtaa wake zinalia. Hakuna kusoma, hakuna kuandika. Hata bibi asiyejua herufi moja anajua kusikia. Nilijifunza kwa video, navunja, naunga, navunja tena, hakuna mwalimu aliyenishika mkono.

Kengele zenyewe zinatoka kwenye wingu. Si lile la mvua. Ni kompyuta za kampuni moja ya ng'ambo, wamezijaza kwenye majumba ya baridi, na we unakodishiwa kona. Kwa wadogo ni bure. Walitaka tu namba ya karte ya benki, kama kitambulisho, na karte ya hapa iligoma, ndiyo maana nilikuomba yako. Mwaka mzima huu wamekukata hata senti? Apana. Si nilikwambia.

Tena kuna la kukuchekesha. We unawajua watu wetu: kitu kinacholia bure lazima wakifanye bipu. Kengele moja ni maji, hiyo ndiyo sheria yangu. Lakini Christa wa Musaga, yule anayekaanga ndagala, anapiga tatu kusema samaki wametoka motoni. Vijana wa avenii ya nane wanapiga mbili, maana yake timu imetimia, njooni uwanjani. Mwanao Houda na wenzake wanapiga nne kuitana madrasa. Mtaa mzima unalia na kila mutu anajua yake. Sikulipanga mi, lakini nikiulizwa nasema nililipanga.

Kampuni yenyewe imeniandikia juzi, barua pepe ndefu ya Kiingereza. Mwanzo kabisa wananishukuru kuwa mteja wao. Mutu akianza na asante, yaliyobaki ni adabu tu.

Houda ameng'oa jino la mbele. Mama anakusalimu.

Mdogo wako mkubwa,
Injenyeri Ilias


Liège, 9 Machi 2025

Injenyeri wa chafya,

Nimekusoma ndani ya basi, nikacheka mpaka mzee mmoja wa kizungu akaniuliza kama niko salama. Endelea kuniandikia hivi hivi, usinipigie. Kazini telefone zetu zinafungiwa kabatini. Na zaidi ya hapo, ukisema na mimi unanishinda, lakini ukiandika nakusoma mara mbili, na mara ya pili nakuona.

Basi nimekusoma mara ya pili. Ilias, kampuni haimshukuru mtu bure. Chumba changu hapa kilipopandishwa bei, barua ilianza na asante, na maua yamechorwa pembeni. Mpe Hugues hiyo barua aisome. Yule mtoto wa Kinanira amesomea hayo mambo chuo kikuu, na Kiingereza anakijua. Usione haya.

Sikia kwa nini nakusumbua. Wakili amesema dosye ya Houda, maombi ya kuja kuishi na mimi, iingie kabla ya mwisho wa Mei. Baada ya hapo njia niliyo nayo inafungwa, na masharti yanakuwa mengine, ya watu wenye mishahara mikubwa. Watataka karatasi za benki: mshahara uwe umeingia kila mwezi, akiba iwepo, na akaunti isiwe imeshuka chini ya sufuri. Ndiyo akaunti hiyo hiyo ya karte niliyokupa. Sina nyingine. Tangu nifike hapa nafua mashuka ya wazee wa watu ili karatasi hizo ziwe safi na mwanangu aje.

Mpeleke Houda akapigwe picha za pasi. Masikio yote yaonekane, asitabasamu. Kwa pengo hilo najua itakuwa kazi.

Dada yako,
Waridi


Buyenzi, 23 Machi 2025

Dada Waridi,

Lala usingizi. Barua nimeisoma mwenyewe, kwa telefone inayotafsiri. Hugues nilimwona nje ya geti lao, amesimama na wenzake wa chuo wanaongea Kifaransa cha puani, na mi mikono yangu ilikuwa imejaa gundi ya vioo. Nikaona nisimsumbue. Si haya. Ni muda tu.

Inasema hivi: kuanzia tarehe mosi Aprili wanabadilisha bei. Mpango wa bure unaondoka kwa wenye matumizi makubwa, na kila kitu kitahesabiwa. Sasa dada, na kiburi changu chote, mi ni mkubwa mbele ya kampuni ile? Wakubwa ni mabenki, ni watu wa ndege. Mi ni mutoto wa Buyenzi na kompyuta iliyong'oka herufi A. Hii ni mara ya kwanza na ya mwisho unaniona nikijiita mdogo, itunze vizuri.

Acha hayo, nikupe habari. Juzi maji yalirudi Musaga baada ya kukauka siku nyingi. Kengele zililia ndani ya basi la kwenda mjini, abiria wakamwambia dereva asimame, wakashuka wote na kurudi nyumbani kukinga. Wote! Waliokuwa wanakwenda kazini, aliyekuwa anakwenda kuposa. Dereva alibaki na basi tupu, akanitukana kwa jina. Kwa jina langu, dada! Ananijua!

Na kwenye harusi ya Ijumaa chifu wa kartye alimwinua mpwa wake kwenye kiti cha mbele, nikae mi.

Picha za Houda tumepiga. Mpiga picha alimwambia asitabasamu, akafunga mdomo, akatabasamu kwa macho. Tukarudia mpaka yule bwana akachoka.

Injenyeri Ilias


Liège, 12 Aprili 2025

Ilias,

Nilikuwa dukani na mchele, mafuta na sabuni. Karte ikakataa. Nikajaribu tena, ikakataa, na foleni nyuma yangu ikaanza kuguna. Nimeviacha vitu pale pale, nikatoka.

Benki inaonyesha jina la kampuni yako. Tena si mara moja. Wamekata, wakakata, siku baada ya siku tangu mwezi uanze. Nusu ya akiba ya Houda imekwenda. Nusu, Ilias.

Ni nini hiki? Nijibu leo.

Waridi


Buyenzi, 14 Aprili 2025

Dada Waridi,

Usiogope, ni makosa yao, na nimewaandikia maneno makali mpaka kompyuta ikapata joto. Aliyenijibu anajiita Timu ya Huduma. Anasema pole, anaelewa jinsi ninavyojisikia, nisome ukurasa fulani. Nikausoma, nikarudi, nikamwuliza: Timu, we ni mutu? Akasema pole, anaelewa jinsi ninavyojisikia.

Basi nimekwenda kwa Hugues. Ndiyo, mpaka ndani ya geti. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma. Alitazama kompyuta, halafu akaniuliza:

"Christa akibonyeza mara moja, telefone ngapi zinalia?"

"Mtaa mzima. Labda mia tatu."

"Basi kwao hiyo si kengele moja. Ni mia tatu. Na akipiga zile tatu za ndagala?"

Nikahesabu kwa vidole: mia tisa.

"Zamani walikuwa wanakuhesabu we, mteja mmoja, mdogo, pita bure," akasema. "Sasa wanahesabu kila sikio linalosikia. Hata mi, programu yangu ya wanafunzi nimeizima wiki iliyopita. Ningelipa na nini?"

Nikamwambia, kaka, hiyo ni kazi ndogo, nitawaambia watu waache bipu. Nikachukua kompyuta, nikaandika tangazo ndani ya programu yenyewe: "Jamani, kengele ni ya maji tu." Nikalituma kwa watu wote. Likalia kwa watu wote, dada. Kartye tatu. Hugues aliweka kichwa juu ya meza. Na kabla hajakiinua, watu wakaanza kubonyeza kunijibu kwamba wamesikia.

Nikapanda Musaga kwa Christa, nimweleze uso kwa uso. Alinisikiliza huku anageuza samaki.

"Yoo, Injenyeri! Kumbe hii kitu iko nalipisha?"

"Iko nalipisha sana, mama."

"Na anayelipa ni nani?"

"Dada yangu, Ulaya."

"Masikini! Mutoto wa watu! Subiri niwaambie majirani."

Akashika telefone, akapiga kengele tatu. Watu wakaja mbio na sahani zao, na yeye akawatangazia kwamba kuanzia leo hakuna kupiga kengele.

Nitalimaliza. Aliyejenga nyumba anajua pa kushika.

Ilias


Liège, 24 Aprili 2025

Mdogo wangu,

Nimekwenda benki. Binti aliyenipokea alikuwa mpole. Akaniuliza, namba hii ulitoa mwenyewe? Nikasema ndiyo, kupitia mdogo wangu. Akasema basi si wizi. Karte watanibadilishia, lakini ruhusa ya kukata niliyowapa kampuni inafuata akaunti, haifuati karte, na kuiondoa kunachukua wiki nyingi. Wakati tunaongea pesa nyingine ikakatwa. Niliiona kwenye kioo chake. Akaunti iko chini ya sufuri, mara ya kwanza tangu nifike nchi hii.

Sikuombi urudishe kitu. Nakuomba jambo moja. Hugues amezima yake. Zima yako. Usitume tangazo, usipande Musaga, usimwandikie Timu. Zima tu.

Wakili anasema ya Aprili bado tunaweza kuieleza. Tutaandika kwamba ilikuwa ajali moja, imetokea, imekwisha, mshahara umeingia tena na hakuna kilichokatwa. Lakini ikikatwa tena mwezi wa Mei, hatakuwa na neno la kusema.

Jana Houda alichukua telefone ya Mama akaniambia kitanda chake amempa rafiki yake. Nikamwuliza, sasa we unalala wapi? Akasema analala na bibi, kwa sababu ni siku chache tu zimebaki.

Zima, Ilias.

Waridi


Buyenzi, 29 Aprili 2025

Dada Waridi,

Nimejaribu kuzima. Wamekataa. Ya Hugues ilikuwa ndogo, ya aina nyingine. Hii yangu ni kubwa, ina milango mingi, na wanasema fakture ya mwezi ilipwe kwanza ndipo wafunge. Nimemwomba Timu kwa Kiingereza cha telefone, kwa Kifaransa, mwisho hata kwa Kiswahili. Anaelewa jinsi ninavyojisikia. Ni kama mutu amekukalia kifuani halafu anakuuliza kwa nini huamki.

Nimeuza vyombo vyangu vya kufungulia telefone. Nilipokwenda kubadilisha ile pesa kuwa euro, ilitoka imekonda mpaka yule mbadilishaji mwenyewe alinionea huruma. Iko kwa Mama, ndani ya sanduku lake, ni ya Houda.

Jana maji yalikuja, mtaa ukalia. Mzee Tajudini wa duka la vipuri akanishika mkono mbele ya watu wote, akasema, "Kabla ya huyu kijana tulikuwa tunalinda robine kama askari." Wakanipa kiti, wakanipa chai. Nilikaa. Chai niliiacha.

Mama anauliza kwa nini sichekeshi siku hizi. Nimemwambia ni jino.

Ilias


Liège, 19 Mei 2025

Ilias,

Wamekata tena mara mbili mwezi huu. Leo nilikuwa kwa wakili. Alizigeuza karatasi za benki moja moja, polepole, kama mtu anayetafuta mahali pa kunipa habari njema, halafu akazirudisha kwenye bahasha na kunisogezea. Amesema tusiingize dosye. Ikikataliwa, kule kukataliwa kutabaki kwenye jina la Houda. Na mwezi unaisha, njia inafungwa, na kwa masharti mapya mshahara wa kufua mashuka haufiki hata mlangoni. Nikamwuliza, sasa mwanangu atakuja lini? Akasema hawezi kuniambia lini.

Sikulaumu. Neno hili ulisome mara mbili, kama ninavyokusoma mimi. Bei waliibadilisha wao, mlango wa kutokea waliufunga wao, na wewe umehangaika mpaka umeuza vyombo vya kazi. Nimewachukia watu ambao hata sura zao sizijui. Namba ya karte niliitoa mimi kwa mkono wangu. Na kitu chenyewe kilikuwa kizuri, Ilias. Mama alinieleza jinsi alivyokuwa anaamshwa kukinga maji ya udhu, hakuwa na haja ya kukaa macho tena.

Mwambie Houda. Mimi nilipiga ili nimwambie, nikasikia sauti yake, nikaishia kumwuliza wamefika sura gani madrasa.

Waridi


Buyenzi, 26 Mei 2025

Dada Waridi,

Nimemwambia. Alikuwa uani anachora ndege kwa mkaa, yenye madirisha mengi, na kwenye kila dirisha ameweka kichwa. Nikachuchumaa. Nikasema, Houda, safari haipo sasa.

"Mpaka lini?"

"Sijui."

"Nani amekataa?"

"Kampuni."

"Kampuni gani?"

"Ya wingu."

Akatazama juu, dada. Kweli akatazama juu. Hapakuwa na kitu, kiangazi kimeingia. Halafu akaniuliza:

"Inakaa huko kwa mama?"

"Karibu na huko."

"Basi mama aende awaombe. Mama anajua kuomba."

Akaendelea kuchora.

Yamefika haipo tena. Niliizima siku barua yako iliponifikia, na hakuna kitakachokatwa tena. Jana maji yalikuja avenii ya saba na kuondoka, na waliokinga ni wachache waliokuwa uani. Vijana wamenifuata wakiwa na ndoo tupu: "Injenyeri, imekufa?" Nikasema imekufa. Leo wamepita tena, wakasema, "Ilias, mambo?"

Dada, ulisema hunilaumu. Nimelisoma neno hilo mara mbili, na mara ya pili sikuweza kukaa ndani ya nyumba.

Siku ile niliyokwenda kwa Hugues alinionyesha kifungo. Kiko pembeni, chekundu. Hakidai fakture, hakina milango mingi. Akasema, "Bonyeza hapa, inanyamaza saa hii hii." Nikamwambia nitabonyeza nyumbani. Nikashuka kutoka Kinanira, na njia nzima ni Injenyeri huku, Injenyeri kule, mutu mmoja hata alisimamisha pikipiki yake anisalimie. Nilipofika nikafungua kompyuta, nikakitazama kile kifungo, nikawaza: nikikibonyeza, kesho mi ni nani? Nikafunga kompyuta.

Ile ya kwamba wamekataa kuzima niliitunga. Fakture ilipwe kwanza, niliitunga nikiwa nimekaa kwenye kiti cha Mzee Tajudini. Ulipoandika "zima tu" nilikwenda nikakitazama tena, halafu nikatoka nje ili watu wanisalimie.

Bei ni kampuni iliyopandisha, hilo ni kweli. Lakini ya Aprili wakili angeieleza. Ya Mei ni mi.

Ilias